Ua na Maua: Nani Alipanda Bustani za Iringa na Mbeya?

Tangu kazi ya kupanua barabara kuu ya TANZAM ianze kati ya Nsalaga na Ifisi, jijini Mbeya, wasomaji kadhaa wa ukurasa huu wameniandikia kuhusu nyumba zilizowekewa alama ya X, kuhusu fidia, kuhusu mama lishe na mafundi pikipiki waliokuwa wakijitafutia riziki pembezoni mwa lami. Hakuna aliyeniandikia kuhusu vitalu vya maua. Navyo ni sehemu ya sura ya miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa vilevile: viriba vyeusi vilivyopangwa kwa mistari kwenye hifadhi ya barabara, bogenvilia za zambarau na za rangi ya chungwa, mawaridi, haibiskasi, duranta ya kutengenezea uzio, kijana mmoja na ndoo ya maji. Mwenye kitalu hana hati, hana banda, mara nyingi hana hata bango. Akiambiwa ahame, hubeba anachoweza kwa toroli na kilichobaki hukauka. Kwa kuwa hakuna ukuta ulioanguka, hakuna habari.

Nimeamua kuviandikia vitalu hivyo kwa njia ya historia. Mtumishi wa umma anayepita pale na kuona mapambo tu, au uchafuzi wa mandhari, hajui anachokitazama. Katika viriba vile mna kumbukumbu ya nani aliruhusiwa kukaa wapi katika miji hii, kwa muda gani, na kwa masharti ya nani.

Lugha yetu yenyewe imetupa pa kuanzia. Tunasema ua, maua, kwa kile kinachochanua. Na tunasema ua, nyua, kwa kitalu cha nyumba, mahali palipozungushiwa uzio. Wanaisimu watatuambia kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, nami sitabishana nao. Lakini katika historia ya Iringa na Mbeya maneno hayo mawili yamekuwa yakitembea pamoja kwa karibu sana. Maua mengi tunayoyajua yaliingia mjini kama uzio, na kazi ya uzio ni kumweka mtu ndani na mwingine nje.

Tusianze, hata hivyo, na Mzungu, kwa maana hilo ni kosa la vitabu vingi. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 21, alifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa akiongoza msafara uliokuwa umempoteza mkuu wake njiani. Alichokiona Unyakyusa kilimshangaza: vijiji safi, nyua zilizofagiliwa, migomba iliyopangwa, nyumba zilizojengwa kwa ustadi. Alipoandika kitabu chake miaka miwili baadaye, alipafananisha mahali hapo na nchi ya furaha ya wachungaji katika mashairi ya Wagiriki. Ni sifa ya msafiri, na sifa za wasafiri hupimwa kwa tahadhari. Lakini inathibitisha jambo moja: kabla ya bogenvilia ya kwanza kuvuka mlima, watu wa hapa walikuwa na maoni yao juu ya uzuri wa makazi. Uzuri huo ulikaa katika ua uliofagiwa na kivuli cha mgomba. Mimea yenye maana zaidi ilikuwa na kazi yake: minyaa ya kuzuia mifugo, na miti ya misitu ya matambiko kama Lubaga, mahali pa Lwembe, ambapo hakuna aliyekata tawi ovyo. Kupanda kitu kwa ajili ya kutazamwa tu halikuwa wazo lililokosekana kwa upungufu wa akili. Halikuhitajika.

Iringa nayo ilikuwa na uzio wake. Jina la mji linatokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome, na ngome hiyo ilikuwa Kalenga, ambayo Mkwawa aliizungushia ukuta wa mawe na udongo. Ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kukiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Wajerumani hawakukaa Kalenga. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga kituo kipya juu ya mlima na kukiita Iringa Mpya. Ndio mji tulionao. Mitaa yake bado inasema: wenyeji watakueleza kwa nini pana mahali panapoitwa Kitanzini, na maelezo hayo hayahusu mapambo.

Ni katika miaka hiyo ya mabavu ndipo biashara ya mimea ilipopangwa kiserikali. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara, wakapanda mamia ya aina za mimea kutoka kila pembe ya tropiki na kugawa mbegu na miche kwa walowezi, misheni na maboma. Lengo lilikuwa mpira, kahawa, kwinini, miti ya mbao. Maua yalipanda gari lilelile. Na tukumbuke kwamba gari hilo halikuenda upande mmoja. Miaka kumi kabla ya Amani, yaani 1892, mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau na kuupeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la kisayansi kwa heshima ya afisa huyo: Saintpaulia. Leo mmea huo unakaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na wengi wanaoumwagilia hawajui Usambara iko wapi. Vivyo hivyo yule mmea wa kivulini wa pwani na milima ya Afrika Mashariki unaouzwa kila kiangazi Uingereza: jina lake la kisayansi linamkumbuka mmishenari Horace Waller.

Upande huu wa njia, bogenvilia ilipata jina lake kwa nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye mwanabotania wa msafara wake, Philibert Commerson, aliikuta karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767. Ule mti mfupi wenye majani mekundu kama damu, ambao Marekani huuzwa wakati wa Krismasi, asili yake ni Meksiko, na kwa Kiingereza unaitwa kwa jina la balozi wa Marekani huko, Joel Poinsett. Nahodha, balozi, mkuu wa wilaya, mmishenari. Ukisoma majina ya kisayansi ya mimea ya bustani ni kama unasoma orodha ya wageni kwenye chakula cha jioni cha gavana.

Kwa Nyanda za Juu Kusini naamini mlango mkuu ulikuwa misheni kuliko maboma. Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891, Walutheri wa Berlin wakawa jirani zao mwaka uleule, na Wabenediktini wakajenga Tosamaganga mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Misheni ilikuwa na vitu vitatu ambavyo boma halikuwa navyo: watu wanaokaa mahali pamoja kwa miaka mingi, maji, na shule yenye watoto wa kufanya kazi ya bustani. Mtu akienda leo katika nyumba za zamani za misheni upande wa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ataona haidrenjea za buluu ambazo bustani nyingi za Ulaya huzihangaikia kwa dawa. Buluu hiyo haitokani na ufundi wa mtu. Udongo uliooshwa na mvua nyingi huwa na tindikali, na katika udongo wa namna hiyo mmea huweza kufyonza alumini inayoligeuza ua kuwa la buluu. Mmea huohuo ukipandwa kwenye udongo wenye chokaa hutoa ua la waridi.

Waingereza ndio waliolifanya ua kuwa sheria. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na kutenga watu kwa rangi waziwazi kulikuwa jambo la aibu mbele ya Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo miji iligawanywa kwa viwango vya majengo: eneo la kwanza kwa nyumba za namna ya Kizungu, la pili kwa biashara na makazi yaliyokuwa hasa ya Wahindi, la tatu kwa nyumba za miti na udongo. Hakuna sheria iliyosema Mwafrika asiishi eneo la kwanza. Ilisema tu ajenge nyumba ambayo mshahara wake usingeijenga katika maisha matatu. Wananchi hawakudanganyika na lugha hiyo. Waliyaita maeneo hayo kwa majina yake halisi, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na majina hayo tunayatumia hadi leo bila hata kutabasamu.

Iringa eneo la kwanza lilipanda mlimani, upande wa Gangilonga, chini ya lile jiwe linaloongea. Mbeya, mji ulioanza 1927 na kukuzwa na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930, lilikuwa chini ya mlima Loleza. Viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba imewekwa mbali na barabara, na kati ya nyumba na barabara palijazwa nyasi zilizokatwa na vichaka vinavyochanua. Uzio wa seng'enge ungetosha kuzuia mbuzi. Lakini uzio wa maua ulifanya kazi nyingine: uliweka umbali bila kuonekana umeweka umbali. Mpita njia aliona uzuri, na akaelewa kwamba pale si kwake.

Upande wa pili hapakuwa na maua mengi, na sababu yake si ile iliyozoeleka katika taarifa za maofisa, kwamba Mwafrika hajali mandhari. Katika eneo la tatu watu wengi walikalia viwanja kwa vibali vya muda mfupi ambavyo vingeweza kusitishwa. Jakaranda huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Nani atapanda mti ambao utachanua baada ya yeye kufukuzwa? Wanafunzi wangu wa sheria ya ardhi wanaopenda kuniuliza maana ya usalama wa milki, nawaambia watazame urefu wa miti mbele ya nyumba.

Basi maua yalivukaje uzio? Hapa ndipo penye historia ninayoithamini kuliko yote, na haimo katika majalada ya maboma.

Mzee mmoja wa Kihesa, ambaye jina lake naliacha kwa ombi lake mwenyewe, alifanya kazi ya bustani Gangilonga katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Alinieleza kwamba bibi wa nyumba alihesabu mawaridi yake, na kulikata moja bila ruhusa lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Lakini uzio wa bogenvilia na duranta ulipaswa kupunguzwa mara kwa mara, na matawi yaliyokatwa yalikuwa takataka. Kutupa takataka ilikuwa kazi yake. Yeye alizitupa nyumbani kwake, akachimba vishimo, akasubiri mvua.

Tulitafakari hilo kidogo, maana linaeleza jambo ambalo wataalamu wa bustani wangelieleza kwa namna nyingine. Tazama mimea iliyoenea katika nyumba za watu wa kawaida hapa kwetu: bogenvilia, duranta, haibiskasi, ule mti wa majani mekundu wa Meksiko, msanapichi. Yote huota kwa kijiti. Unakata tawi lililokomaa, unene wa penseli au zaidi, urefu wa shubiri moja au mbili, unaondoa majani, unalichomeka kwa mshazari katika udongo wenye kivuli mwezi wa 11 mvua zinapoanza, na ifikapo mwezi wa 1 limeshika. Msanapichi wenyewe unataka uachwe siku kadhaa ukauke utomvu kwanza, la sivyo unaoza. Sasa tazama yaliyopotea: yale maua ya msimu yaliyopandwa kwa mbegu za pakiti kutoka Ulaya, ambayo kila mwaka yalihitaji pakiti nyingine. Walowezi walipoondoka, yaliondoka nao. Bustani ya mwananchi haikuchaguliwa kwa ladha ya mabibi wa Uzunguni. Ilichaguliwa na kile kilichoweza kuota kutoka kwenye lundo la takataka.

Na hali ya hewa ilichagua pia. Iringa ina miezi mirefu ya ukavu, kuanzia Mei hadi Novemba, na bogenvilia hupenda hivyo: ukiimwagilia sana na kuijaza samadi huota majani mabichi na kunyima rangi, ukiiacha ipate kiu kidogo huwaka. Rangi yenyewe, kwa wanaopenda mambo sahihi, si ua. Ni majani yaliyogeuka, na ua halisi ni kile kitu kidogo cheupe katikati. Ule mti wa Meksiko ni vivyo hivyo. Huo hufuata urefu wa usiku, kwa hiyo kule kaskazini mwa ikweta huwa mwekundu Desemba, lakini kwetu kusini huwaka Juni na Julai, katikati ya baridi ya Mbeya. Mji wetu umewahi kuufanya ua la Krismasi kwa kufuata kadi za Wazungu, na Krismasi hufika mti ukiwa wa kijani kibichi kabisa.

Kuhusu siku ambayo uzio wa Uzunguni ulipoteza nguvu yake ya kisheria, tuna shahidi wa nje. Mwanzoni mwa 1962, wiki chache baada ya uhuru wetu, Nelson Mandela alipita Mbeya akiwa katika safari ya siri. Anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba hotelini aliwakuta weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza, na kwamba hakuwa amewahi kuwa katika hoteli isiyo na ubaguzi wa rangi. Walikuwa wakimsubiri John Mwakangale, mbunge wa TANU. Mhudumu wa kizungu alikuwa amesahau kuwaambia kuwa mbunge huyo alikuja kuwatafuta, na mgeni mmoja wa Kiafrika akamkanya mbele ya watu. Hapo ndipo Mandela alipotambua kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Viwanja vyetu vya Nane Nane vina jina la Mwakangale, na kila Agosti wauza miche hujipanga humo. Wachache wanajua kisa cha baraza.

Serikali huru ilirithi nyumba za Uzunguni pamoja na bustani zake, na kwa miaka kumi hivi ilizitunza kama ilivyozikuta: mkuu wa wilaya mpya, nyasi zilezile. Kisha ikaja Iringa. Mwaka 1972 chama cha TANU kilipitisha hapo hapo mjini azimio la Siasa ni Kilimo, na baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikafuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kipande cha ardhi kilidaiwa chakula. Watumishi wa umma walilima mahindi katika viwanja vya nyumba za serikali, hadi kwenye madirisha, penye vitanda vya maua vya zamani. Nimewahi kusikia watu wakilicheka jambo hilo kama ushamba. Sioni cha kucheka. Katika nchi iliyokuwa ikiagiza nafaka kutoka nje, kuling'oa ua na kupanda hindi ilikuwa hesabu ya haki.

Kilichofuata ndicho kinachonikera. Njaa ilipopungua, halmashauri zikarudi kwenye kanuni za zamani zilizokataza mazao marefu mjini, na sababu iliyotajwa mara nyingi ni mbu. Eti maji hutuama katika makwapa ya majani ya mhindi. Mbu wa malaria huzaliana hasa katika madimbwi ya maji ya ardhini yanayopigwa na jua, si katika makwapa ya majani. Na kama makwapa ndiyo kosa, basi mmea wa mapambo wa kana na ndugu wa mananasi wanaopandwa kwenye mizunguko ya barabara wangeshtakiwa kwanza. Hawajashtakiwa kamwe. Hoja ya afya ilikuwa vazi tu. Ndani yake mlikuwa na picha ya mji iliyochorwa kabla ya uhuru, ambamo kinacholiwa ni cha shamba na kinachotazamwa ni cha mjini.

Kuna ua moja tu ambalo dola ya Waingereza na dola huru zimelipenda bila masharti, nalo ni pareto. Lina asili ya Dalmatia, ni jeupe, dogo, halina majivuno, na limo katika miinuko ya Umalila, Uporoto, Makete na Mufindi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lilihitajiwa sana kwa ajili ya kuulia wadudu waliowasumbua askari. Kiwanda chake kipo Mafinga. Pareto lina afisa ugani, lina bodi, lina bei, kwa sababu linapimwa kwa kilo likiwa limekaushwa. Ua linalopimwa kwa kilo ni zao. Lisilopimwa ni mapambo, na anayeliuza ni mvamizi wa hifadhi ya barabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Uamuzi huo umejadiliwa sana kwa upande wa maadili na bei. Mimi nataja tu kile alichokiona mpita njia. Viwanja vikubwa viligawanywa, nyumba za pili na za tatu zikajengwa kwenye nyasi, na uzio wa vichaka ukang'olewa kupisha ukuta wa tofali. Ukuta huo kwa kawaida ni mrefu kuliko mtu. Bogenvilia ikibahatika hupandwa ndani, ikachungulia kwa juu. Kwa hiyo tumemaliza mzunguko wa ajabu: Mzungu aliweka umbali kwa maua ili asionekane ameweka, nasi tumeweka umbali kwa saruji na hatuoni haja ya kujificha.

Wakati huohuo, taifa liligundua maua upya mahali pengine. Uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari kati ya Mbeya na Makete, ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Una ukubwa wa kilomita za mraba 412.9 na aina zaidi ya 40 za okidi. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu zamani, na vipeperushi vya utalii vimelichukua jina hilo bila kulipa. Uamuzi wa kuuhifadhi ulikuwa sahihi na wa haraka inavyostahili, kwani viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kutengeneza chikanda. Lakini angalia jinsi sera inavyofikiri. Ua la mlimani ambalo mgeni atalipia kiingilio lina askari wenye bunduki. Ua la mtaani alilolizalisha kijana wa Uyole halina hata mahali pa kusimama.

Msinielewe kwamba kila kilichovuka uzio ni baraka. Lantana ililetwa kama pambo, na ni pambo kweli, kwa yale maua yake yanayobadilika rangi kutoka njano hadi nyekundu katika kichwa kimoja. Ndege walibeba mbegu zake. Sasa imeziba malisho katika sehemu nyingi za nchi, na ng'ombe akiila kwa njaa ini lake huharibika. Alizeti mwitu nayo, iliyotoka Meksiko, imekaa kila ukingo wa barabara. Hiyo angalau wakulima wamejifunza kuikata na kuifukia shambani, kwa kuwa majani yake yana rutuba nyingi. Mwenye kitalu anajua tofauti hizo. Anajua lipi huvamia, lipi lina sumu kwa mtoto, lipi litavumilia baridi ya Uyole na lipi litakufa Juni. Ni elimu ambayo mpita njia huigharimia shilingi elfu mbili na kuipata bure pamoja na mche.

Narudi basi kwenye barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Sina ugomvi na upanuzi. Anayesubiri kwenye foleni ya malori ya Tunduma anajua kwamba njia ile ilihitajika. Ugomvi wangu ni kwamba vitalu vinaingizwa katika kapu moja na vibanda, kama ilivyokuwa katika zoezi la kuwapanga wamachinga mwaka 2021, kisha wenye vitalu hupelekwa kwenye soko la vizimba, juu ya zege, chini ya bati. Mche hauishi juu ya zege chini ya bati. Hauuzwi na jirani wa viatu. Unahitaji maji, nusu kivuli, na mteja mwenye gari au bajaji anayeweza kusimama. Maeneo ya namna hiyo yapo: kingo za mito ambako ujenzi umekatazwa, viwanja vya wazi ambavyo kwenye ramani vimeandikwa bustani na kwa macho ni majalala. Halmashauri ingeweza kuwakabidhi wenye vitalu maeneo hayo kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitano au kumi, kwa sharti la kuyatunza. Ingepata bustani bila kuajiri mtu. Nasisitiza maandishi na miaka, kwa sababu kibali cha mwezi mmoja mmoja ndicho hasa walichopewa babu zao katika eneo la tatu.

Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi linalohusiana na haya. Kila mmoja achague mmea mmoja unaochanua katika ua wa nyumba ya kwao, aulize nani aliupanda, mwaka gani, na tawi lilitoka kwa nani. Kisha amfuate huyo mtoaji na kumwuliza maswali yaleyale, hadi njia ipotee. Majibu ya kwanza yameanza kuletwa. Binti mmoja wa upande wa Mwakaleli ameandika kurasa nne kuhusu haidrenjea ya bibi yake, ambayo bibi aliiomba kwa mke wa mchungaji akiwa msichana, akaibeba kwa miguu ikiwa imeviringishwa katika jani la mgomba. Nimemrudishia karatasi na alama nzuri, na swali moja pembeni: mke wa mchungaji aliipata wapi?